Ganzi ya Midomo Baada ya Upasuaji wa Rovu

Mazungumzo yaliyoandaliwa kwa wahamasishaji wa afya ya jamii na jamaa za wagonjwa wanaosubiri kufanyiwa upasuaji wa tezi ya shingo.



Mtu anapoambiwa na daktari kwamba rovu lake, au goita kama wengi wanavyoliita, litatolewa kwa upasuaji, maswali yanayotangulia nyumbani huwa mawili. Je, sauti itabaki ilivyokuwa? Na je, kovu litaonekana? Ni maswali ya haki. Lakini kuna la tatu ambalo ni wachache wanaoliuliza, nalo linahusu jambo linalowapata wagonjwa wengi kuliko hayo mawili: kupungua kwa kalsiamu katika damu. Hili ndilo tatizo linalotokea mara nyingi zaidi baada ya tezi nzima ya thairoidi kuondolewa. Kwa kawaida hutibika kwa vidonge. Likipuuzwa, linaweza kumfunga mgonjwa pumzi, kumtia degedege au kuuvuruga moyo wake.

Ubaya wake ni kwamba halimfikii mgonjwa akiwa kitandani mwa wodi akitazamwa na wauguzi kila saa. Kalsiamu hushuka polepole, na mara nyingi hufikia chini kabisa kati ya siku ya pili na ya nne baada ya upasuaji. Siku hizo wagonjwa wengi wameshapewa ruhusa na wako nyumbani. Kidonda kimekauka vizuri, majirani wanakuja kumpa pole, uji umepikwa. Ndipo mama anasema midomo inamwashawasha, ncha za vidole zinachomachoma kama zinadungwa sindano. Mmoja atasema ni baridi. Mwingine atasema ni mawazo, au dawa ya usingizi haijatoka mwilini. Jioni vidole vinapojikunja vyenyewe na kukataa kunyooka, hapo husikika habari za mapepo na mkono wa mtu, na wengine huanza kumtafuta mganga au mchungaji kabla ya kutafuta gari. Maombi hayamkatazi mtu kwenda hospitali. Kinachomdhuru mgonjwa ni saa zinazopotea.

Ili kuelewa kwa nini vidole vijikunje wakati kilichokatwa ni shingo, ni lazima kujua jirani za tezi ya thairoidi. Tezi hiyo iko mbele ya shingo, chini ya kongomeo, na ina umbo la kipepeo. Nyuma ya mbawa zake hukaa vijitezi vidogo, kwa kawaida vinne, kila kimoja kikiwa na ukubwa wa punje ya mchele na rangi ya manjano iliyofifia, kiasi kwamba huweza kudhaniwa ni tone la mafuta. Hivi huitwa parathairoidi. Licha ya jina lake, parathairoidi haifanyi kazi ya thairoidi hata kidogo. Kazi yake ni kulinda kiwango cha kalsiamu katika damu.

Karibu asilimia 99 ya kalsiamu ya mwili imo katika mifupa na meno. Sehemu ndogo iliyobaki ndiyo inayotembea katika damu na kuiwezesha mishipa ya fahamu, misuli na moyo kufanya kazi kwa utulivu. Maabara nyingi huhesabu kiwango cha kawaida kuwa kati ya milimoli 2.1 na 2.6 kwa lita, ingawa kila maabara huandika mipaka yake kwenye karatasi ya majibu. Kiwango kinapoanza kushuka, parathairoidi hutoa homoni inayofanya mambo matatu: huitoa kalsiamu kutoka akiba ya mifupa, huziagiza figo zisiimwage katika mkojo, na huzifanya figo hizo hizo ziibadilishe vitamini D kuwa dawa kamili inayoliwezesha tumbo kunyonya kalsiamu ya chakula. Homoni hii haidumu katika damu. Ndani ya dakika chache nusu yake imeshatoweka. Kwa hiyo vijitezi vikinyamaza, mwili hauna akiba ya homoni ya kutegemea.

Daktari mpasuaji anapoiondoa thairoidi hana nia ya kuvigusa vijitezi hivi. Tatizo ni kwamba vimeshikana nayo na vinagawana mishipa ya damu. Kijitezi kinaweza kubaki mahali pake lakini kikakosa damu ya kutosha kwa muda, kikawa kama mtu aliyezirai. Kingine huondolewa pamoja na rovu bila kuonekana. Hata mikono yenye uzoefu mkubwa hupata matokeo haya, kwa hiyo kalsiamu kushuka si ushahidi kwamba daktari alizembea.

Dunia ilichelewa kulijua jambo hili. Richard Owen alikuwa ameviona vijitezi hivi katikati ya karne ya 19, tena ndani ya shingo ya kifaru wa Kihindi aliyefia katika bustani ya wanyama ya London. Mwaka 1880 mwanafunzi wa udaktari wa Uppsala, Uswidi, aliyeitwa Ivar Sandström, alivieleza katika mwili wa binadamu, na ni wachache waliomsikiliza. Wakati huo huo wapasuaji wawili mashuhuri wa Ulaya walikuwa wakitoa rovu kwa wingi: Theodor Billroth kule Vienna na Theodor Kocher kule Bern. Baadhi ya wagonjwa wa Billroth walishikwa na mkakamao wa misuli baada ya upasuaji, na msaidizi wake Anton Wölfler aliuandika mwaka 1879. Wagonjwa wa Kocher, aliyekata polepole na kwa uangalifu mwingi, hawakusumbuliwa sana na mkakamao, bali walizidi kupooza mwili na akili kwa kukosa homoni ya thairoidi yenyewe. Kocher alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1909 kwa kazi yake juu ya tezi hiyo. Mwaka huo huo, kule Marekani, William MacCallum na Carl Voegtlin walionyesha kwamba mkakamao unaofuata kuondolewa kwa parathairoidi huondoka mgonjwa akipewa kalsiamu. Tiba inayotumika hospitalini leo ilianzia hapo.

Si kila anayepasuliwa shingo yumo hatarini kwa kiasi kimoja. Anayetolewa upande mmoja tu wa thairoidi ni nadra kupatwa, kwa sababu vijitezi vya upande wa pili havikuguswa. Hatari hupanda tezi nzima ikiondolewa, na hupanda zaidi kwa mwenye saratani ambaye tezi za limfu za shingoni nazo zimetolewa, kwa mwenye rovu kubwa, kwa anayepasuliwa mara ya pili mahali pale pale, na kwa mwenye ugonjwa wa Graves, ule unaoifanya thairoidi itoe homoni kupita kiasi. Huyu wa mwisho ana shida nyingine ya pekee. Homoni nyingi ilikuwa imeila mifupa yake kwa miezi au miaka. Ikiondolewa ghafla, mifupa yenye njaa huanza kuinyonya kalsiamu kutoka katika damu ili ijijenge upya. Pia kuna upungufu wa vitamini D. Watu husema nchi yenye jua kama Kenya haiwezi kuwa na upungufu huo, lakini mtu anayeshinda ndani tangu asubuhi hadi jioni, au aliyelazwa muda mrefu, jua la nje halimsaidii. Kupimwa vitamini D kabla ya upasuaji, na kurekebishwa ikiwa iko chini, ni jambo la kumwomba daktari mapema.

Kabla ya siku ya upasuaji jamaa wanafaa kuuliza maswali yafuatayo na kuyaandika majibu. Inatolewa tezi nzima au nusu? Kalsiamu itapimwa lini baada ya upasuaji, na itapimwa tena lini? Mgonjwa atakwenda nyumbani na vidonge vya kalsiamu? Akianza kuwashwa midomo usiku wa manane, ameze vidonge vingapi, na apige simu gani? Hospitali nyingine hupima homoni ya parathairoidi saa chache baada ya upasuaji. Ikiwa iko chini sana, mgonjwa huanzishiwa dawa kabla dalili hazijaanza. Pengine mpasuaji akiona kijitezi kimekosa damu hukikata vipande vidogo na kukipandikiza ndani ya msuli wa shingo, ambako huweza kuamka baada ya wiki kadhaa. Mgonjwa ana haki ya kuambiwa kama hilo lilifanyika, na ni vizuri liandikwe katika barua yake ya kutoka hospitalini.

Sasa dalili. Ya kwanza ni ganzi au mwasho kuzunguka midomo, kwenye ncha za vidole vya mikono na kwenye nyayo. Inafuata misuli kukaza: ndama wa mguu, mgongo, mikono. Kidole gumba huingia kiganjani, vidole vingine vinanyooka vikibanana, na kiwiko cha mkono hukunjwa. Waliokwisha kuuona mkono huo hawausahau. Mgonjwa anaweza kuwa na wasiwasi mwingi, na wasiwasi wenyewe humfanya apumue kwa kasi, jambo linaloongeza mwasho. Ndiyo maana mara nyingine huambiwa ana hofu tu. Hofu anayo kweli, lakini kwa mtu aliyetolewa thairoidi juzi, kipimo cha damu ndicho kinachotenganisha hofu na upungufu wa kalsiamu. Macho ya mtu hayatoshi.

Kwa wahamasishaji wa afya ya jamii kuna jambo la kuzingatia zaidi. Mkobani mwao mna mashine ya kupimia presha. Mkanda wa mashine hiyo unapoubana mkono wa mtu mwenye kalsiamu ya chini, mkono unaweza kukakamaa katika umbo lililoelezwa hapo juu. Madaktari huitumia alama hiyo kwa makusudi, wakiuacha mkanda umebana kwa dakika 3. Mhamasishaji hahitaji kuijaribu nyumbani kwa mtu, maana inauma. Lakini akiwa anapima presha kwa kazi yake ya kawaida na akaona vidole vinajikunja, na mgonjwa ana kovu jipya shingoni, ameshapata jibu: aufungue mkanda na aandike rufaa siku hiyo hiyo.

Ganzi na mwasho peke yake ni sababu ya kwenda kupimwa siku hiyo bila kungoja kliniki ya wiki ijayo. Ikiwa hospitali ilimpa mgonjwa vidonge na maagizo ya kuongeza dalili zikitokea, aongeze kama alivyoagizwa, kisha aende. Mikono ikijikunja, pumzi ikitoka kwa mluzi, moyo ukienda mbio au kurukaruka, mgonjwa akizirai au kushikwa na degedege, hiyo ni dharura na gari litafutwe papo hapo. Mwenye degedege alazwe kwa ubavu, asiwekewe kijiko mdomoni, wala asinyweshwe maziwa kwa matumaini kwamba kalsiamu iliyomo itamwokoa, yatamwingia mapafuni. Shingo ikivimba ghafla au pumzi ikizibika katika siku za mwanzo, huenda ni damu inayovuja ndani ya kidonda, na hiyo nayo haingoji mapambazuko.

Wakifika hospitalini, maneno ya kwanza ya jamaa yawe: “Ametolewa thairoidi siku fulani.” Bila maneno hayo, mtu mwenye degedege hutibiwa kama mwenye kifafa au malaria kali, na dakika zinayoyoma. Mwenye dalili kali hudungwa kalsiamu glukoneti kwenye mshipa, polepole, kwa muda wa dakika 10 hivi, huku moyo ukitazamwa kwa mashine, kisha huwekewa dripu. Jamaa wakiona muuguzi hana haraka ya kusukuma sindano hiyo, wasimlaumu. Kalsiamu ikisukumwa kwa kasi inaweza kuusimamisha moyo. Magnesiamu nayo hupimwa, kwa kuwa ikiwa chini, kalsiamu hukataa kupanda hata ikitiwa kiasi gani.

Nyumbani, tiba ni vidonge vya kalsiamu, na kwa wengi huongezewa kalsitrioli au alfakalsidoli. Hapa ndipo makosa mengi ya duka la dawa hutokea. Kalsitrioli na alfakalsidoli si sawa na vitamini D ya kawaida inayochanganywa ndani ya vidonge vya kutafuna. Vitamini D ya kawaida huhitaji figo kuibadilisha, na figo huhitaji homoni ya parathairoidi ili kufanya hivyo vizuri. Homoni yenyewe ndiyo iliyokosekana. Mgonjwa akiambiwa “hii ni vitamini D ile ile, tena ya bei nafuu,” arudi na karatasi kwa daktari kabla ya kubadilisha. Hesabu ya miligramu nayo huchanganya watu. Kidonge cha kalsiamu kaboneti cha miligramu 1,250 kina kalsiamu halisi miligramu 500 tu. Lebo moja huandika namba ya kwanza, nyingine huandika ya pili, kwa hiyo ni bora kwenda dukani na pakiti tupu ya zamani kuliko kutaja namba kwa kichwa.

Kalsiamu kaboneti humezwa pamoja na chakula, kwa sababu huhitaji asidi ya tumbo ili iyeyuke. Wanaotumia dawa za kupunguza asidi kama omeprazoli kwa ajili ya vidonda vya tumbo wamwambie daktari. Dawa hizo huifanya kaboneti isinyonywe vizuri, na zikitumika muda mrefu huweza kuishusha magnesiamu pia. Kuna aina nyingine, kalsiamu sitreti, isiyohitaji asidi.

Halafu kuna chai. Aliyetolewa thairoidi nzima hutumia levothairoksini maisha yake yote, na kidonge hicho hupenda tumbo tupu na maji matupu. Kalsiamu hukishika tumboni kikapita bila kunyonywa. Mama anayemeza vidonge vyote kwa pamoja na kikombe cha chai ya maziwa asubuhi, ili amalize mambo yake aende shambani, anajinyima dawa ya thairoidi bila kujua; baada ya miezi michache atakuwa mchovu, mzito, anayesikia baridi wakati wenzake wanatoa jasho. Nafasi inayohitajika kati ya levothairoksini na kalsiamu ni saa 4. Mpangilio ambao wengi huuweza ni huu: levothairoksini kwa maji saa 12 asubuhi, chai saa 1, kalsiamu ya kwanza saa 4 pamoja na kitafunio au saa 7 pamoja na chakula cha mchana, na nyingine wakati wa chakula cha usiku. Vidonge vya kuongeza damu vyenye madini ya chuma navyo vikae mbali na levothairoksini kwa saa hizo hizo.

Chakula husaidia. Glasi moja ya maziwa ina miligramu kama 300 za kalsiamu. Maziwa lala na mursik ni maziwa vile vile. Omena wanaoliwa na mifupa yao wana kalsiamu nyingi, na sukuma wiki ina kalsiamu inayonyonywa vizuri kuliko ya mchicha. Hata hivyo, mtu ambaye vijitezi vyake vimenyamaza hawezi kuinua kiwango chake kwa sahani ya omena. Vidonge ndivyo tiba.

Wala havifai kumezwa kwa kukisia. Kalsiamu ikizidi, hasa kwa anayetumia kalsitrioli, mtu huona kiu kisichoisha, hukojoa sana, hufunga choo, hutapika, huchanganyikiwa, na baadaye huweza kupata mawe ya figo. Ndiyo sababu damu hupimwa mara kwa mara miezi ya mwanzo, na dozi hupunguzwa hatua kwa hatua kadiri vijitezi vinavyoamka. Kwa wagonjwa wengi huamka ndani ya wiki chache au miezi. Ikipita miezi 6 na bado homoni haitoshi, madaktari huanza kuliita tatizo la kudumu, wengine wakingoja hadi mwaka mzima. Katika vituo vyenye wapasuaji wazoefu, hilo huwapata kama mtu 1 hadi 3 katika kila 100 waliotolewa tezi nzima.

Hao wachache wanahitaji kukumbukwa hata baada ya kovu kufifia. Tumbo la kuhara au kutapika kwa siku moja linaweza kuwashusha, kwa kuwa vidonge havikai mwilini. Wakishindwa kuvihifadhi tumboni waende hospitali bila kungoja ganzi ianze. Anayekusudia kufunga Ramadhani au mfungo mwingine aongee na daktari wiki kadhaa mbele ili saa za dawa zipangwe upya. Mwanamke akishika mimba, na tena akinyonyesha, mahitaji yake hubadilika na vipimo viwe vya karibu zaidi. Kalsiamu iliyokaa chini miaka mingi huweza kuleta mtoto wa jicho, kwa hiyo macho nayo yakaguliwe.

Kila mmoja wao anafaa kuwa na kadi ndogo ndani ya pochi au nyuma ya simu, imeandikwa kwa mkono wazi: jina lake, tarehe ya upasuaji, kwamba parathairoidi zake hazifanyi kazi, majina na kipimo cha dawa zake, na namba ya jamaa. Mhamasishaji anayetembelea boma lenye mgonjwa kama huyo anaweza kuiandika kadi hiyo pamoja naye kwa kufuata barua ya hospitali, na kuibadilisha kila dozi inapobadilishwa.